Nikeli ipo, lakini ni ya namna gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Unguja. Wanafunzi wetu wanatengeneza kichocheo (kitu cha kuharakisha mmenyuko) cha nikeli juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini, ili kuongeza hidrojeni kwenye yujenoli, ile inayotoka katika mafuta ya makonyo ya karafuu ya Pemba. Pia tunayo ndoo ya punje za zamani tulizoachiwa na mradi uliokwisha. Lebo imefutika, imebaki "Ni" na "Al" tu. Baadhi ya punje ni za kijani, nyengine za buluu, nyengine nyeusi. Kipimo cha XRF, kile cha eksirei cha kuhesabu elementi, kilitupa nikeli asilimia 12. Tukapeleka sampuli Dar kwa XRD, kile cha eksirei cha kutambua fuwele, jibu likarudi kwamba imeonekana alumina peke yake. Mwalimu mmoja anasema kwa vile oksidi ya nikeli haikuonekana, vitu hivi havina madhara na ndoo ikae kabatini. Mie moyo haujatulia. Nitajuaje kama humo mna nikeli ya hatari? Na sisi tulioishika, tukapimwe?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Moyo wako umekwambia kweli. Jibu la Dar halina kosa. Kosa liko katika maana aliyolipa mwalimu wenu. XRD haikusema kwamba hamna oksidi ya nikeli. Ilichosema ni kwamba haikuona fuwele za oksidi hiyo zilizo kubwa vya kutosha kuonekana nayo.

Mashine ile hutambua atomi zilizojipanga safu kwa safu, nyingi, kwa mpangilio mmoja, hata eksirei zikarudi kwa pembe maalumu na kuchora mlima kwenye grafu. Sasa fikiria kichocheo kinatengenezwaje. Unaloweka alumina kwa maji ya nikeli nitreti, unakausha, unachoma kwenye tanuri, na jitihada yote ni nikeli isambae isijikusanye, kwa sababu uso mpana ndio unaofanya kazi. Fundi akifaulu, anapata vipande vya oksidi vya nanomita 2 au 3. Vipande vidogo namna hiyo havichori mlima, vinachora kituta kipana kinachozama ndani ya vituta vya alumina. Kwa hiyo kadiri kichocheo kilivyotengenezwa vizuri, ndivyo XRD inavyonyamaza.

Juu ya hapo, milima yenyewe hupandana. Kwa mashine inayotumia eksirei za shaba, oksidi ya nikeli huonekana karibu na pembe za digrii 37.2, 43.3 na 62.9. Alumina ya gama, ile ya vichocheo, nayo ina yake karibu na 37, 46 na 67. Nikeli ikishafungamana na alumina ikawa nikeli aluminati, inatoa yake karibu na 37, 45 na 65.5. Hiyo 37 ni ya wote watatu, haimwambii mtu kitu. Iombeni ile maabara faili zima la grafu, si muhtasari wa mstari mmoja, kisha uitazame sehemu ya 43.3 na ya 62.9, ambako alumina imetulia kidogo. Ukiona mwinuko hapo, hata mdogo, oksidi ipo. Usipouona, bado hujapata jibu.

Hesabu hii muonyeshe mwalimu. Kanuni za Ulaya za kuainisha kemikali zinasema mchanganyiko wenye 0.1% au zaidi ya kitu kilicho daraja la juu la visababishi vya saratani nao utaandikwa hivyo hivyo, na oksidi ya nikeli imo katika daraja hilo. Hatuko Ulaya, lakini karatasi nyingi za usalama zinazokuja na kemikali zetu zimeandikwa kwa kipimo hicho. Nyinyi mna nikeli 12%. Tuseme nikeli karibu yote imefungamana na alumina, na sehemu moja tu katika mia ya hiyo nikeli ndiyo iliyobaki kuwa oksidi huru. Hiyo ni 0.12% ya nikeli. Kuigeuza kuwa uzito wa oksidi, zidisha kwa 1.27, unapata 0.15%. Mpaka umeshavukwa, na XRD ya kawaida hata iwe na fuwele nzuri huanza kusumbuka ikishuka chini ya asilimia moja au mbili. Chombo kisichoweza kuona mpaka ulipo hakiwezi kukutolea cheti cha usalama.

XRF nayo ina lake. Inahesabu nikeli yote, haijali imekaa vipi. Ni kama kupima gunia kituoni bila kulifungua: kilo umezipata, lakini hujui karafuu ni ngapi na makonyo ni mangapi.

Na kukaa kwake ndiko kunakoamua madhara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 1990 liliziweka kampaundi za nikeli katika kundi la 1, yaani zinasababisha saratani kwa binadamu, na likarudia hukumu hiyo mwaka 2012. Nikeli ya metali likaiweka 2B, yaani huenda. Habari hizi zilianzia kwa wafanyakazi. Kule Clydach, Wales, kiwanda cha kusafisha nikeli kilifunguliwa mwaka 1902, na baadaye ikaonekana watu wake wanapata saratani ya mapafu na ya tundu za pua kwa kiasi kisicho cha kawaida, hasa wale walioingia kazini kabla ya miaka ya 1930. Mwanzo iliyoshukiwa sana ni gesi ya nikeli kabonili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa sifa ya kiwanda hicho. Uchunguzi wa baadaye ukaelekeza kidole kwenye vumbi: oksidi na sulfidi za nikeli, na zile chumvi zinazoyeyuka. Ndiyo maana mimi nikisikia nikeli kwenye unga mkavu, jambo la kwanza ninalouliza ni nani anaufagia, na kwa nini.

Oksidi na sulfidi haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Mtu anaweza kudhani hiyo ni nafuu. Kumbe punje ikifika ndani ya pafu hukaa, seli huimeza, na humo ndani ya seli ndimo inamoyeyuka pole pole. Chumvi kama nitreti na sulfeti huondoka mwilini mapema zaidi, ila ndizo zinazowasha ngozi na kuamsha mzio ambao ukishaingia hautoki. Aluminati imefungamana sana, na katika hizi zote ndiyo ningependa iwe nyingi ndooni mwenu, lakini bado ni kampaundi ya nikeli; kundi la 1 halikuibagua.

Basi tuanze na ndoo, kwa vitu mlivyonavyo.

Zitenge punje kwa rangi kabla ya kusaga chochote. Ukizichanganya na kuzisaga pamoja, umepoteza habari ya bure. Fanya hivyo ndani ya kabati la kuvuta hewa, glavu mkononi, barakoa ya P3 usoni, na pangaboi lizimwe. Hili la pangaboi nalisisitiza kwa sababu maabara zetu bila feni watu hawakai, na feni juu ya unga wa nikeli inawagawia wote waliomo chumbani.

Rangi ni fununu, si ushahidi. Buluu ya samawati kwa kawaida ni nikeli iliyokaa katikati ya oksijeni nne, kama ilivyo kwenye aluminati; alama ya tanuri lililopanda sana. Kijani huweza kuwa oksidi, lakini pia chumvi ya nikeli iliyonyonya unyevu. Nyeusi ndiyo ya kuogopwa, maana huko wanajificha wengi: makaa yaliyoganda juu ya kichocheo kilichotumika, metali, sulfidi, hata oksidi yenyewe, ambayo ikiwa na oksijeni ya ziada hugeuka kuwa ya kijivu au nyeusi.

Kwa hizo nyeusi chukua sumaku, ifunge ndani ya kifuko cha plastiki, isogeze juu ya punje chache zilizomo kwenye kisahani cha kioo. Oksidi na aluminati hazivutwi. Punje zikirukia kifuko, kuna metali, ya nikeli au ya chuma kilichoingia njiani. Hapo simama kidogo. Nikeli iliyopitishwa kwenye hidrojeni na haijatulizwa kwa hewa kidogo kidogo inaweza kuwaka yenyewe ikikutana na upepo. Punje zilizokaa ndooni miaka huenda zimeshajitengenezea ngozi ya oksidi, lakini ukizivunja unafungua uso mpya. Zivunje chache tu, zikiwa zimelowa maji, mbali na spiriti na asetoni. Maji hayo usiyamwage, yana nikeli.

Kinachofuata ni kujua nikeli inayoyeyuka. Pima gramu moja ya punje zilizokaushwa kwa digrii 110 usiku kucha. Kukausha si adabu tu ya maabara: alumina ya gama inanyonya maji kama haina akili, na kwa unyevu wetu wa masika sampuli iliyoachwa wazi inaweza kubeba asilimia 10 ya maji bila kuonyesha, ukasoma nikeli 10.8 badala ya 12 ukadhani imepotea. Iweke kwenye chupa na mililita 20 za maji ya amoniamu sitreti, itikise kwa saa moja, chuja. Nimesema sitreti, si maji matupu, kwa sababu alumina hujirudishia nikeli iliyoyeyuka ikaishika usoni mwake, na maji matupu yatakupa jibu la kukupendeza. Chukua matone machache ya maji uliyochuja, tia amonia mpaka uisikie harufu yake, kisha tone la dimethiliglioksimu ya asilimia moja katika alkoholi, ile DMG ambayo Mrusi Lev Chugaev aliitambulisha mwaka 1905 na mpaka leo haijapata mpinzani kwa bei yake. Ikitoka rangi nyekundu ya waridi na mashapo yake, kuna nikeli inayoyeyuka. Mara nyingi ni nitreti ambayo tanuri halikuimaliza. Fanya pembeni chupa yenye sitreti peke yake, na nyengine yenye nikeli sulfeti unayoijua, ili usibishane na macho yako.

Tahadhari mbili hapa. Chuma cha ferosi (Fe2+) nacho hutoa wekundu na DMG, na palladi hutoa manjano. Pili, DMG ikikaa kimya isikupe raha: oksidi iliyochomwa vizuri haitoi nikeli yake kwa sitreti, na aluminati haitoi kabisa. Kwa kichocheo cha wanafunzi wenu kipimo hiki kinafaa sana kuonyesha kama uchomaji umekamilika. Kwa swali la saratani hakitoshi.

Kipimo ninachokipenda kwa maabara isiyo na mashine kubwa ni cha kutazama pengo. Yeyusha sehemu ya sampuli kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki zikichemka, upime nikeli kwa AAS, kifaa kinachopima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomi zake. Kisha sehemu nyengine iyeyushwe kwa kuungua pamoja na lithiamu boreti kwenye kikombe cha platinamu, ambako hakuna kinachobaki, nayo upime. Oksidi nyingi na metali zitatoka kwa asidi. Aluminati iliyokomaa itagoma. Ukipata 7% kwa asidi na 12% kwa boreti, zile 5 ndizo zilizofungwa ndani ya alumina kisawasawa, na 7 ndizo za kukusumbua. Si mstari mkali, kwani aluminati changa inayokaa usoni hutoka kidogo, lakini hesabu hiyo tayari imewaambia zaidi ya XRD. Msiitumie namba ya XRF kama jumla bila kuihakikisha. Punje zenye ukubwa tofauti huipotosha.

Mkitaka kuzigawa aina moja moja, ipo njia ya kuosha kwa hatua ambayo mkemia Zatka na wenzake waliichapisha mwaka 1992 kwa ajili ya vumbi la hewani katika viwanda vya nikeli. Sitreti hutoa zinazoyeyuka, sitreti na hidrojeni peroksidi hutoa sulfidi, bromini ndani ya methanoli hutoa metali, na kinachobaki kinayeyushwa kwa asidi kali na kuhesabiwa kuwa oksidi. AAS inatosha kwa hatua zote nne. Lakini ilitengenezwa kwa vumbi la viwandani, ambalo punje zake ni kubwa. Kwenye kichocheo, oksidi ya nanomita 2 huweza kuchopoka katika hatua isiyo yake ukaiandika sulfidi, na metali iliyovaa ngozi ya oksidi ikakataa bromini. Kwa hiyo pimeni pia salfa ya jumla: kama salfa haipo, hiyo "sulfidi" yenu ni ya karatasini tu. Na bromini si ya kuachiwa mwanafunzi.

Jibu lililo karibu zaidi na ukweli liko kwenye TPR, na kwa kuwa chuo chenu kinatengeneza vichocheo, hicho ndicho chombo cha kutafutia ufadhili. Gesi ya argoni yenye hidrojeni kidogo inapita juu ya sampuli, joto linapanda digrii 10 kwa dakika, na kifaa kinaandika hidrojeni imeliwa lini. Oksidi huru huila baina ya digrii 300 na 400. Iliyoshikana na alumina huila kuanzia 450 hadi 650 hivi. Aluminati hungoja mpaka 700 imepita, mara nyingi karibu na 800. Ukipima eneo chini ya kila mlima unapata si jina tu, bali kiasi. Haijali ukubwa wa fuwele, na hapo ndipo inapoishinda XRD. Kwa punje zilizotumika uwe na macho zaidi: makaa hugeuka methani na kula hidrojeni, nitreti iliyobaki nayo hula, na sulfidi hutoa gesi ya mayai yaliyooza ambayo ni sumu. Mkiwa na kifaa cha kutambua gesi mkiani, mtaona nani ni nani.

Kusoma rangi kwa mwanga, baina ya nanomita 590 na 640, kutaithibitisha ile buluu kwa gharama ndogo. XPS, kipimo cha eksirei cha kusoma uso wa kitu, mtaambiwa ni nzuri. Ni nzuri, lakini huona nanomita chache za juu, na hidroksidi ya nikeli hukaa karibu mno na aluminati kwenye mizani yake, kwa hiyo kwa hewa yetu yenye unyevu ningeiweka mwisho.

Kuna moja halimo ndooni lakini linaweza kuzaliwa humo maabarani. Mwaka 1890 mkemia Ludwig Mond na wenzake walitangaza kwamba nikeli ya metali ikikutana na kaboni monoksidi kwenye joto la digrii 50 hivi hugeuka kuwa kimiminika kinachochemka kwa digrii 43. Hiyo ndiyo nikeli kabonili, na kikomo cha Marekani cha kuivuta kazini ni sehemu 0.001 katika milioni. Aliyeivuta huumwa kichwa na kichefuchefu, akapata nafuu, kisha baada ya nusu siku au zaidi pafu ndilo linalojaa. Kwa hidrojeni safi na yujenoli hamna la kuogopa hapa. Ila siku mkiamua kutumia gesi ya kuni, au ya bayogesi iliyogeuzwa, ile ina kaboni monoksidi. Katika kupoza, gesi hiyo ifungwe na nitrojeni ipite kabla joto halijashuka chini ya digrii 200, na kifaa kisifunguliwe mpaka kimepoa ndani ya nitrojeni. Hili liandikwe ukutani, kwa Kiswahili.

Ndoo yenyewe isikae kabatini na isiende jaani Kibele. Itieni ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana, muandike nje: kichocheo cha nikeli juu ya alumina, kilichotumika, asili haijulikani, vumbi lisivutwe. Mpaka vipimo vitakapoonyesha vyenginevyo, ichukulieni kuwa ina oksidi. Wasilianeni na Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kuhusu pa kuipeleka. Viwanda vya kurudisha metali hununua vitu kama hivi, lakini kuvuka mipaka na taka za hatari kuna taratibu zake chini ya Mkataba wa Basel, na mahamali wa bandari ya Malindi wasibebeshwe wasichokijua. Meza na sakafu zifutwe kwa kitambaa cha maji. Ufagio marufuku.

Kuhusu kupimwa. Mkojo unaonyesha nikeli inayoyeyuka iliyoingia siku za karibuni, na hutumika kwa aliyevuta kabonili. Oksidi iliyokaa pafuni karibu haionekani humo, kwa hiyo mkojo safi hautakwambia lolote la maana juu ya ndoo hii, nami nisingewatoza watu nauli na ada kwa jibu lisilosema kitu. Kushika punje kwa mkono mara chache, bila vumbi, si jambo la kuwakosesha usingizi. Aliyezisaga kavu, au aliyefagia, andikeni jina lake, tarehe na alichofanya kwenye daftari la maabara, akiwa na kikohozi kisichopona ayabebe maandishi hayo kwa daktari. Na yeyote anayewashwa vidoleni au mkononi, au anayejua hereni za bei rahisi humtoa vipele, aende kliniki ya ngozi na aitaje nikeli kwa mdomo wake; asipoitaja, ataandikiwa mafuta ya ukurutu wa sabuni na Jumatatu atarudi kwenye meza ile ile.